Madoa kwa Ngozi ya Mbwa: Jinsi ya Kuyatambua na Kuyatibu Kabla Hujammwagia Oili Chafu

Leo tuachane kidogo na stori za nani ameachana na nani. Kuna mgonjwa analala nje ya nyumba yenu ushago na hakuna mtu anamposti.

Ukifika Magwagwa, kule North Mugirango kaunti ya Nyamira, karibu kila boma ina esese. Hivyo ndivyo mbwa anaitwa kwa Ekegusii. Hana kitanda, hana kadi ya kliniki, anadishi ugali iliyobaki jana. Kazi yake ni moja: usiku mtu akinyemelea banda la ng'ombe, yeye ndiye kengele. Anafanya hiyo kazi miaka na hakuna mtu anamshukuru. Lakini siku akianza kutoka manyoya na kujaa madoa, ghafla anakuwa adui wa boma. Watoto wanaambiwa wasimguse, wapita njia wanamtupia mawe, na jioni mzee mmoja anasema, "Huyo ni wa kuuliwa, atatuambukiza."

Hapo ndipo mbwa wengi wanakufia bure, juu madoa mengi kwa ngozi ya mbwa yanatibika na mengine hupona yenyewe. Noma ni kwamba sisi tunayaona yote kama kitu kimoja, tunayaita upele, na tunayapaka dawa moja.

Nilichanuka kwa njia mbaya. Tulikuwa na mbwa anaitwa Tiger, hajafika hata miezi sita. Akapata mabaka mawili bila manyoya, moja juu ya jicho na lingine kwa mguu wa mbele. Hakuwa anajikuna, alikuwa anacheza na kula kama kawaida. Anko akatoa oili chafu kwa piki, tukampaka mwili mzima, na mimi ndiye nilikuwa nimemshikilia. Alijilamba usiku wote. Asubuhi alitapika, siku ya pili akaanza kukohoa, wiki haikuisha. Jirani naye alikuwa amempaka wake oili hiyo hiyo na manyoya yakarudi, kwa hivyo mtaa mzima ukakubaliana oili ni dawa na Tiger alikuwa tu na bahati mbaya. Nitarudi kwa hiyo stori ya jirani, juu iko na maelezo.

Anza na macho yako, si na mfuko

Kabla hujatumia hata bob, kaa chini na mbwa wako mchana kukiwa na jua. Fungua manyoya kwa vidole. Cheki doa liko sehemu gani ya mwili, halafu uangalie kama anajikuna, na kama anajikuna ni kidogo ama ni mpaka analia. Uliza pia kama kuna mtu ama mnyama mwingine hapo nyumbani anajikuna siku hizi. Mwisho, bonyeza doa kwa kidole halafu uachilie, uone kama linapauka ama linabaki na rangi ile ile. Hayo mambo manne yatakuambia mengi kuliko picha utakayotuma kwa grupu ya WhatsApp.

Kama anajikuna mpaka halali

Huu ndio upele wenyewe. Unaletwa na utitiri, vidudu vidogo sana ambavyo macho hayavioni, na jike huchimba ndani ya ngozi akitaga mayai. Huwa unaanza mahali manyoya ni machache: ukingo wa masikio, viwiko, vifundo vya miguu ya nyuma, kifua na tumbo. Ngozi inakuwa nyekundu, inatoa vipele, halafu inashika ukoko wa kijivu. Mbwa anajikuna mpaka damu, anakonda juu hata kula anasahau.

Kuna jaribio madaktari wa mifugo hutumia na wewe unaweza kulifanya. Shika ncha ya sikio, ulisugue taratibu kwa vidole viwili. Mbwa mwenye upele huu mara nyingi ataanza kurusha mguu wa nyuma kama anajikuna hewani. Si ushahidi wa mahakamani, lakini ukiongeza masikio yenye ukoko na kujikuna usiku, uko karibu na jibu.

Jibu lingine liko kwa mikono yenu. Upele huu unaruka kwa binadamu. Kama mtoto anayembeba mbwa ama mathe anayemfukuza jikoni ako na vipele vinavyowasha kwa mikono, kiunoni ama tumboni, mnashare kidudu. Usipaniki. Huyo utitiri wa mbwa hawezi kuendeleza ukoo wake kwa ngozi ya mtu, kwa hivyo mbwa akitibiwa, nyinyi huwa mnapoa baada ya muda mfupi. Isipopoa, enda hospitali, juu binadamu pia ana upele wake ambao ni tofauti.

Kosa la watu wengi ni kutibu mara moja. Kidudu hiki huchukua karibu wiki tatu kutoka yai hadi kuwa mkubwa, kwa hivyo sindano moja inaua waliopo leo na wanaoanguliwa baadaye wanaendelea na sherehe. Dawa nyingi hurudiwa, na mbwa wote wa boma hutibiwa pamoja, hata yule anaonekana fiti. Gunia analolalia lichomwe ama lichemshwe.

Kama hajikuni kabisa

Sasa turudi kwa Tiger. Mabaka bila manyoya kuzunguka macho, mdomo na miguu ya mbele, kwa mbwa mdogo asiyejikuna, mara nyingi ni utitiri mwingine anaitwa demodeksi. Karibu kila mbwa duniani anaye. Anampata kutoka kwa mamake siku za kwanza akinyonya, na huwa wanaishi pamoja kwa amani ndani ya mashimo ya manyoya. Kinga ya mwili ikiwa bado changa, ama mbwa akiwa na njaa na minyoo, hao vidudu wanazidi na manyoya yanaanguka.

Hii hapa ndiyo ningetaka mtu aniambie siku ile: mbwa mdogo mwenye mabaka machache ya aina hii, mara tisa kwa kumi hupona mwenyewe ndani ya wiki sita hadi nane. Bila dawa. Unachohitaji ni kumpa chakula cha maana, dawa ya minyoo, na kumwacha. Halafu haambukizi watu.

Kwa hivyo jirani yetu alimpaka mbwa wake oili, akangoja, manyoya yakarudi, oili ikapewa sifa. Yangerudi tu. Mbwa wake alipona licha ya oili. Ndiyo maana hii tiba haiishi vijijini: wanaopona wanahesabiwa, wanaokufa wanaambiwa walikuwa wamechelewa.

Oili ya injini iliyotumika imebeba mabaki ya vyuma na mafuta yaliyoungua. Inaingia kupitia ngozi iliyo na vidonda, na kila kilicho kwa manyoya mbwa anakilamba. Akitapika, ikiingia mapafuni, ndio hiyo kukohoa nilikuambia. Mafuta ya taa ni yale yale, na yanachoma ngozi zaidi. Kama tayari mtu amempaka, usimwoshe na petroli. Tumia mafuta ya kupikia kuilainisha, halafu sabuni ya kuosha vyombo na maji ya vuguvugu, rudia mpaka ishike, na umzuie kujilamba.

Mabaka yakienea mwili mzima, yakitoa usaha ama harufu, ama mbwa akiwa mkubwa ndipo yakaanza, hiyo si ya kungoja. Hapo anahitaji daktari.

Miduara inayodanganya

Doa la mviringo, limetoka manyoya, lina magamba na manyoya yaliyokatika pembeni: wengi watasema ni choa, ama mashilingi vile wengine huita. Inaweza kuwa kweli. Choa ni fangasi, na inapenda mbwa wadogo. Inaruka kwa watoto haraka sana, na pia paka na ndama wanaweza kuwa nayo. Kama mtoto wa darasa la pili amerudi na duara kichwani, angalia paka na mbwa wa nyumbani kabla ya kulaumu kinyozi.

Lakini kuna miduara ya bakteria ambayo inafanana hivi kwamba hata watu wa kazi hukosea bila kupima. Inaanza na kijipu kidogo chenye usaha, kinapasuka, kinaacha duara jekundu lenye ngozi inayobanduka ukingoni. Mara nyingi iko tumboni na kwa mapaja, na kawaida bakteria wamekuja juu ya shida nyingine kama viroboto. Ukiipaka dawa ya fangasi mwezi mzima hakuna kitu itafanya.

Choa ya doa moja au mawili unaweza kuanza kwa kukata manyoya kuzunguka doa, ukavaa glavu, ukapaka krimu ya klotrimazoli mara mbili kwa siku, wiki kadhaa, hata baada ya doa kuonekana limeisha. Mzuie asiilambe. Mbegu za fangasi hukaa kwa mazingira muda mrefu, hata zaidi ya mwaka, kwa hivyo fagia manyoya na uyachome, na sakafu ya simiti uioshe kwa sabuni kwanza, halafu Jik iliyochanganywa na maji, sehemu moja ya Jik kwa kumi ya maji. Hiyo Jik ni ya sakafu. Usiniambie ulimwogesha nayo.

Ya bakteria huoshwa kwa klorheksidini iliyozimuliwa, na ikizidi inahitaji antibayotiki ambayo daktari ataandika, kawaida si chini ya wiki tatu. Kukatiza siku ya tano juu ameonekana poa ndio hufanya irudi ikiwa sugu.

Nyamira mvua haitoki sana, na mbwa wenye manyoya mengi hukaa maji maji siku nzima. Hapo unaweza kuamka upate doa kubwa jekundu, bichi, linalonata, ambalo jana halikuwepo. Mbwa alijilamba na kujiuma mahali pamoja usiku kucha. Kata manyoya yaliyo juu yake, safisha kwa maji yenye chumvi kidogo, likauke. Usilifunge na kitambaa. Halafu tafuta ni nini kilikuwa kinamwasha, na mara nyingi utapata ni kiroboto.

Viroboto, kupe na funza

Viroboto wanapenda mgongo karibu na mkia na mapaja ya ndani. Kama huwaoni, chana manyoya juu ya karatasi nyeupe. Ukipata chembe nyeusi kama majani chai yaliyosagwa, zimwagie tone la maji. Zikigeuka nyekundu, hiyo ni damu ya mbwa wako ambayo kiroboto ameshakula na kutoa. Katoto ka mbwa kenye viroboto wengi na fizi nyeupe kako hatarini kwelikweli, kanaishiwa damu. Na jua kwamba wale unaona kwa mbwa ni wachache. Mayai na viluwiluwi viko kwa udongo, kwa gunia na kwa nyufa za jikoni, kwa hivyo kumtibu mbwa bila kusafisha anapolala ni kupiga maji rungu.

Funza wako kwa nyayo. Angalia kati ya vidole na kando ya kucha: doa jeupe la mviringo lenye nukta nyeusi katikati, mbwa anachechemea ama anajilamba miguu. Nyumba yenye sakafu ya vumbi na mbwa mwenye funza itaendelea kuwa na watoto wenye funza, hata mkiwatoa kila Jumapili. Msitumie pini moja kwa mbwa na watu, wala mtu na mtu.

Kupe naye huacha kijivimbe chekundu hata baada ya kutoka. Mtoe kwa kibano, umshike karibu kabisa na ngozi, uvute moja kwa moja bila kumzungusha. Kumchoma na kiberiti ama kumpaka mafuta ya taa ni kuumiza mbwa bure. Lakini kijivimbe si ndicho kinanitia wasiwasi.

Doa lisilopauka

Hii ndiyo sehemu ya kusoma mara mbili. Mgeuze mbwa tumbo juu, angalia ngozi ya tumbo, halafu uinue mdomo uone fizi. Ukiona vidoti vidogo vyekundu ama vya zambarau kama vimechorwa na ncha ya kalamu, ama alama kama za kipigo na hakuna mtu amempiga, bonyeza. Kama rangi haipotei chini ya kidole, hiyo ni damu imevuja ndani ya ngozi. Si upele. Hakuna krimu ya hiyo.

Mojawapo ya sababu kubwa ni ugonjwa wa kupe unaoitwa erlikia, unaoletwa na kupe wa kahawia wa mbwa. Unaharibu chembe zinazogandisha damu. Pamoja na hivyo vidoti utaona homa, mbwa hataki kula, anachoka, mara nyingine pua inatoka damu. Daktari akiuwahi, doksisaiklini ya karibu mwezi mmoja humwokoa mbwa, na dawa yenyewe si ya bei ya kutisha. Sababu nyingine ni sumu ya panya, kama alikula panya ama alikula sumu yenyewe, na hiyo ina dawa yake pia. Zote mbili hazingoji soko la kesho kutwa. Chukua piki leo.

Yasiyo na shida na yale ya binadamu

Madoa meusi tambarare tumboni, yaliyokuwepo tangu zamani, hayawashi, hayana magamba, ni rangi tu. Mbwa wengi wanayo. Ngozi nyeusi, nene, inayonuka kwapani ni kitu kingine: imewashwa na kukunwa muda mrefu.

Bonge kama koliflawa linalotoa damu sehemu za siri ama puani, kwa mbwa anayezurura, mara nyingi ni uvimbe unaoambukizwa mbwa wakipandana. Unatibika kwa sindano za daktari, kwa hivyo usimwue.

Halafu kuna lile doa refu mgongoni, limetoka manyoya kama mstari wa maji yaliyomwagika. Hilo ni la maji moto kutoka jikoni. Mtu kwa nyumba anajua. Poza kwa maji baridi ya kawaida dakika kumi au zaidi, usipake majivu wala dawa ya meno, na mwambie huyo mtu.

Ukifika agroveti

Ivermektini ni dawa ya maana. Waliovumbua familia ya dawa hiyo walipewa Nobel 2015. Lakini chupa iliyo kwa rafu ni ya ng'ombe: mililita moja ina miligramu kumi na imepangiwa kilo hamsini za ng'ombe. Esese wa kilo kumi na mbili akipigwa "kidogo tu" kwa macho anaweza kupata mara nyingi zaidi ya anachohitaji. Atayumba, atatoa mate, mboni zitapanuka, atatetemeka, na hakuna dawa ya kuigeuza. Mbwa wa jamii ya Collie na baadhi ya German Shepherd wana kasoro ya kurithi inayoruhusu hii dawa kuingia ubongoni, na ushago tumejaza machotara wa German Shepherd ambao hakuna anayejua babu yao. Lazima mbwa apimwe uzito. Mbebe usimame naye kwa mizani ya posho mill ama ya kituo cha majani chai, halafu utoe uzito wako.

Amitrazi, ile ya kunyunyizia ng'ombe kupe kama Triatix, pia hutumika kwa upele wa mbwa, lakini kipimo kitoke kwa daktari. Usitumie kwa kambwa ka chini ya miezi minne wala kwa mgonjwa aliyedhoofika. Vaa glavu, fanyia nje. Kama kwenu kuna punda, asiguswe nayo kabisa, inaweza kumuua.

Kuwa makini zaidi na sindano ya "kuzima kuwashwa", mara nyingi ni deksamethasoni. Siku mbili utafurahi. Lakini inashusha kinga, na kama shida ilikuwa demodeksi ama choa, umeipa uwanja. Uliza jina la dawa kabla haijaingia.

Vidonge vipya kama NexGard na Bravecto vinaua viroboto, kupe na utitiri kwa pamoja, na ni salama kwa mbwa wengi, isipokuwa wenye historia ya kifafa ambao daktari aambiwe mapema. Bei ni ya mbwa wa Karen, lazima nikubali. Lakini jumlisha sabuni, poda, sindano mbili za kubahatisha na nauli, halafu uone kama tofauti ni kubwa vile ulidhani.

Anayetibu wanyama Kenya anafaa kuwa amesajiliwa na Kenya Veterinary Board, awe daktari ama msaidizi wake. Kumuuliza si ukosefu wa heshima. Huduma za mifugo ziko chini ya kaunti, kwa hivyo ofisi ya mifugo ya wadi ama ya Nyamira mjini ndiyo ya kuanzia. Na siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo mara nyingi huja karibu na tarehe 28 Septemba, peleka mbwa wako hata kama anatia aibu. Hapo kuna mtu aliyesomea akimtazama mbwa wako bila wewe kulipa nauli ya kumleta.

Mbwa mwenye maumivu huuma, hata yule mlilea pamoja. Kabla ya kumshika kidonda, mfunge mdomo na kitambaa laini kwa muda mfupi, uachie pua ipumue. Akikuuma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kamili, kisha uende hospitali ukaulizie chanjo siku hiyo hiyo, hata kama ni jino moja tu limeshika.